Mkono wa Kuume wa Bibi Jogoo

Ulicheka. Usigeuze uso dirishani sasa; hiyo ndiyo tabia yako, na ndiyo iliyotufikisha hapa. Kila Jumamosi gazeti la Kiroboto lilipofika mezani pako, kati ya sahani ya figo na birika la chai, uliziruka habari za watoto wa migodini ukaenda moja kwa moja ukurasa wa kati, kwa Bibi Jogoo. Mwanamke wa suruali, koti la mumewe mwilini, sigara nene mdomoni. Nyuma yake Bwana Tetea, mumewe, kajifunga aproni anafuma soksi, na mtoto anamlilia magotini. Ulimwita mkeo aje aone. Mkeo naye akacheka, maana asingecheka ungemuuliza ana nini.

Mimi sisahau. Namkumbuka binti wa mtaani kwetu aliyetaka kusomea udaktari, mkamwita Bibi Jogoo mpaka akahama Lambeth na mama yake. Na siku iliposemwa kwamba mke wa mchoraji wa Bibi Jogoo kapatwa na wazimu, ulisema, "Masikini Lovibond," ukafungua ukurasa wa pili.

Leo hufungui ukurasa wa pili. Kaa hapo umfuate Keziah Thrale.

Keziah alikuwa mjane wa konstebo. Kabla hajaanza kupeleleza kwa kujitegemea, kazi yake ilikuwa kuwapekua wanawake waliokamatwa, katika chumba cha nyuma cha kituo cha polisi, na huko alizoea kutazama mikono kabla ya nyuso. Uso hujifunza uongo mapema. Mkono huchelewa.

Aliyemwita safari hii alikuwa Susannah Merridew, dada yake Hester Lovibond. Hester alikuwa amefungwa Fernley, nyumba ya wendawazimu kule Hackney, kwa sahihi ya mumewe na ya madaktari wawili. Ugonjwa wake, kama walivyouandika wenyewe, ulikuwa huu: anashikilia kwamba picha za mumewe huzichora yeye. Alhamisi wakaguzi wa serikali wangepita Fernley kuwasikiliza wagonjwa, kisha wasingerudi mpaka mwaka uzunguke.

"Maneno yake yakiwa kweli, basi wazimu haupo," alisema Keziah. "Na yakiwa si kweli?"

"Basi nitajua nina dada mgonjwa," alisema Susannah. "Sasa hivi, mama, sijui hata nilie kilio gani."

Jumatatu asubuhi Keziah aliingia karakana ya wachongaji, Clerkenwell, mahali picha za Kiroboto zinapochongwa ili zichapwe. Wanaume walikuwa wameinamia meza ndefu, kila mmoja na tufe lake la kioo lililojazwa maji, likivuta mwanga wa dirishani na kuudondosha juu ya kipande cha mti.

"Jamani, fichani sigara!" mmoja alipaza sauti. "Bibi Jogoo kaja mwenyewe!"

"Mbona hana suruali?"

"Nimemwazima mkeo," Keziah alimjibu. "Analalamika kwenu hakuna anayejua kuivaa."

Meza nzima iliangua kicheko, na aliyeuliza akacheka zaidi ya wenzake. Msimamizi, Jabez Crouch, mtu mfupi mwenye aproni ya ngozi, akamsogezea kiti.

"Nataka kuona michoro ya Bwana Lovibond," alisema Keziah. "Si iliyochapwa. Ile iliyotoka mkononi mwake."

"Haipo."

"Imekwenda wapi?"

Crouch aliokota vumbi la mti mezani akalipuliza. "Huko. Tazama, mama. Mchoraji anapaka kibao rangi nyeupe, anachora kwa penseli juu ya mti wenyewe. Sisi tunachonga kote kasoro mistari yake. Patasi ikimaliza, penseli haipo. Picha tunayoichonga ndiyo tunayoiua. Hakuna mchoro wa Lovibond hata mmoja duniani, wala wa mwenziwe yeyote wa kazi hii."

Keziah alitazama vumbi sakafuni. Hivyo kila wiki, katika chumba hiki, ushahidi uliletwa ukafagiliwa.

"Vibao huleta nani?"

"Mwenyewe, vimefungwa kitambaa. Kwa mkono wake."

"Na huchorwa kinyume?"

"Kinyume, ndiyo. Ukichora jicho la kulia, chapa inalitoa kushoto. Ndiyo maana wengi huweka kioo mezani wakachora wanachokiona mle ndani. Kioo kinageuza, chapa inageuza tena, mambo yanakaa sawa."

"Kazi yake imebadilika hivi karibuni?"

Crouch alitazama wenzake, akateremsha sauti. "Tangu Krismasi. Zamani mstari wake ulikuwa unatembea wenyewe, wewe unaufuata tu na patasi. Sasa tunamrekebishia sisi. Lakini usimsengenye mtu, mama. Ana jongo la vidole. Na huzuni. Mke wako akipelekwa Fernley, na mkono nao unaomboleza."

Maneno yalikuwa na akili. Hester alipelekwa Fernley kabla tu ya Krismasi. Mtu mwenye jongo na majonzi huchora vibaya, na Keziah aliyaweka maneno hayo moyoni kama kitu kinachowezekana. Kisha akaomba kuazima magazeti ya zamani yaliyorundikwa pembeni, akayabeba hadi chumbani kwake.

Aliyatandaza sakafuni, ya miaka iliyopita upande wa mlango, ya tangu Krismasi upande wa jiko. Akakata mkate na jibini, akala amesimama, akitazama kutoka juu. Aliyatazama hivyo hivyo alivyokuwa akiwatazama wanawake wa kituoni, na kama kule, kitu cha kwanza alichokitaka ni kunyamazisha maneno. Chini ya kila picha palikuwa na maneno: Bibi Jogoo anamwamuru mumewe, Bibi Jogoo anataka kura, Bibi Jogoo kaunguza chakula. Keziah alipiga magoti, akaikunja karatasi ya kwanza chini ili maneno yafichike.

Akaikunja ya pili. Ya tatu.

Kichekesho kilikuwa kimeondoka. Palibaki mwanamke aliyevaa koti kubwa, kidevu juu, anatembea barabarani kama mtu anayejua anakokwenda. Katika nyingine alikuwa amekaa dirishani na sigara, magazeti yamezagaa miguuni, na usoni ana utulivu ambao Keziah hakuwahi kuuona kwa mwanamke yeyote isipokuwa usingizini. Hapakuwa na dhihaka mle. Dhihaka ilikuwa chini, kwenye herufi.

Ndipo akaja kwenye mikono.

Mkono wa kushoto wa Bibi Jogoo ulishika sigara, mwavuli, kombe la bia, sikio la mtoto mtukutu. Mkono wa kuume haukuwapo. Hapa ulikuwa mfukoni. Pale nyuma ya kiti. Pale umefunikwa na shela, pale umekatwa na ukingo wa picha. Keziah alitambaa kutoka gazeti hadi gazeti. Bwana Tetea alionekana mikono yote miwili, na vivyo hivyo maaskofu, wapishi na mapolisi. Bibi Jogoo peke yake, miaka yote ile, hakuwahi kuuonyesha mkono wake wa kuume.

Akahamia upande wa jiko. Tangu Krismasi Bibi Jogoo alikuwa na mikono miwili, minene kama soseji.

Keziah aliinuka, akakitungua ukutani kioo cha kunyolea cha marehemu mumewe. Akakiegemeza kwenye birika, akachukua kipande cha mkaa na ubao wa kukatia mkate, akajaribu kujichora. Yeye si mchoraji na uso ulitoka kama kiazi. Lakini mkono wa kushoto aliweza kuuweka popote alipotaka: kidevuni, kiunoni, hewani. Mkono wa kuume haukuwekeka popote. Ulikuwa na mkaa.

Aliweka ubao chini polepole.

Hata hivyo ulibaki mlango mmoja wa Lovibond kutokea. Angeweza kusema: mke wangu alikaa mbele yangu, mimi nikachora, na mkono nilimwambia aufiche kwa mzaha. Mlango huo ilibidi aufunge yeye mwenyewe Lovibond.

Jumanne wakati wa chai Keziah alipiga kengele ya nyumba ya Bloomsbury, akasema ametumwa na Susannah kuchukua nguo nzito za Hester. Ambrose Lovibond alikuwa sebuleni na mgeni. Alikuwa mtu mzuri wa sura, ndevu laini, macho yaliyolowa upesi. Mgeni alikuwa Daktari Penhallow, mmoja wa wale wawili waliotia sahihi.

"Kaa, bibi, kaa," alisema Lovibond. "Nguo zitateremshwa. Huyu maskini anaona baridi? Ah, Penhallow, umesikia? Anaona baridi."

Akainua birika zito la fedha, akammiminia Keziah chai bila tone kudondoka.

"Mimi ni mpenzi mkubwa wa Bibi Jogoo," alisema Keziah, akitoa magazeti kikapuni. "Nisamehe ushamba wangu, bwana, lakini ukimkuta mtu mwenyewe utaacha kumuuliza? Bibi Jogoo ni nani? Nani hukaa mbele yako ukamchora?"

Lovibond alicheka, akagonga paji la uso. "Hakuna mtu. Anatoka humu. Mwanamke wa namna ile ungempata wapi? Na Mungu atuepushe tusimpate!"

"Hata mara moja hukumtumia mtu?"

"Hata mara moja. Uliza gazeti zima."

"Basi nieleze hili. Mkono wake wa kuume una nini?"

"Hauna kitu."

"Mbona hauonekani?"

"Unaonekana, bibi! Nimeuchora mara ngapi sijui. Ndio unaoshika sigara."

Keziah alisukuma vikombe pembeni, akaanza kuyaweka magazeti mezani moja juu ya jingine, taratibu, kila moja limekunjwa chini. Daktari Penhallow alivaa miwani. Kwenye gazeti la kwanza alitabasamu. Kwenye la tano alikuwa amesogeza kiti. Baadaye hakutabasamu tena, akawa anangoja kila karatasi kama mtu anayengoja jina lake lisomwe.

"Ndiyo," alisema Lovibond. Alikuwa amelishika tena birika, rangi imempanda shingoni. "Ndiyo, bila shaka. Ni mzaha. Anauficha kwa sababu..."

Keziah aliweka gazeti jingine juu.

"Kwa sababu gani, bwana?"

"Kwa sababu ni mwanamke wa hila."

"Mzaha wako mwenyewe wa miaka yote, na dakika hii ulikuwa huukumbuki. Na Krismasi ukauacha."

"Nina jongo!"

"Mkono gani?"

Lovibond aliuinua mkono wa kulia. Ulikuwa bado umeshika birika.

Penhallow alivua miwani. "Bwana Lovibond amechoka," alisema, akaondoka kitini, akamfungulia Keziah mlango wa sebule. Ukumbini alimpa mwenyewe mwavuli wake.

"Umeona," Keziah alimwambia.

"Nimeona picha za gazeti."

"Umeona, daktari. Nilikuwa nakutazama wewe, si yeye. Njoo Alhamisi uwaambie wakaguzi. Neno moja tu: nilikosea."

Penhallow alitazama kapeti. Hakuwa na sura ya mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma mimi. "Nikiifuta sahihi moja, mama," alisema kwa upole, "watauliza na zile nyingine." Akaufunga mlango wa mbele bila kuugongesha, kama unavyoufunga mtoto akiwa amelala.

Jumatano walikwenda Fernley, Keziah na Susannah. Mwangalizi, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni, aliwatangulia hadi chumba cha wageni.

"Mpole sana huyu wenu," alisema njiani. "Hapigi, hapigi kelele. Ila kuta! Ukimwachia kijiti cha kiberiti kilichoungua, ukirudi kamchora daktari, kamchora mpishi, kanichora mimi na ndevu. Tulicheka, sikatai. Lakini daktari kasema ndio ugonjwa wenyewe huo, anautia nguvu."

"Mmefanyaje?" aliuliza Susannah.

"Mtaona. Haumii."

Hester Lovibond alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa gauni la turubai. Mkono wa kushoto ulikuwa huru. Mkono wa kuume ulikuwa ndani ya mkono wa gauni, nao umeshonwa ubavuni kwa uzi mnene, kutoka begani hadi nyonga, na ncha imefungwa kama mfuko. Susannah aliweka kiganja mdomoni. Keziah alisimama. Alikuwa anamtazama Bibi Jogoo, bila koti, bila sigara.

"Dada Sukey," alisema Hester, akimwita Susannah kwa jina la utotoni. "Umekonda. Mwenzio nani?"

"Anaitwa Bi. Thrale. Anatusaidia."

Keziah alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Nina swali moja, dada, nalo nataka ulijibu bila mimi kukuonjesha jibu. Mkono wa kuume wa Bibi Jogoo ulikuwa wapi?"

Hester aliutazama ule mshono. Kitu kikapita usoni mwake ambacho Keziah alikitambua kutoka picha ile ya dirishani.

"Ulikuwa kazini," alisema.

Mwangalizi mlangoni aliacha kuchezea funguo.

"Wewe wa kwanza kuuliza," Hester aliendelea. "Nchi nzima ilikuwa inamtazama. Nilidhani kuna siku atatokea mtu aseme, mbona mkono mmoja? Nilikuwa nangoja kila Jumamosi."

"Wametucheka kwa sababu yako," alisema Keziah. Hakuisema kwa ukali, lakini aliisema. "Wanawake wametemewa mate njiani na kuitwa jina ulilolichora."

"Najua. Nilisikia." Hester aliinamisha kichwa. "Ambrose akienda zake klabu, nilivaa koti lake, nikakaa mbele ya kioo, nikajichora. Ndizo saa pekee nilizokuwa mzima. Nilimchora mwanamke anayejipendeza. Yeye akirudi alichukua kibao, akatunga maneno ya chini. Picha zangu, maneno yake. Nilimwambia mara moja tu, yaandikwe mengine. Na nikamwambia liwekwe jina langu."

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Susannah alianza kulia, bila sauti. Hester aliunyoosha mkono wa kushoto akampangusa shavu, kisha akamgeukia Keziah na kulisogeza lile turubai kidogo, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mtoto aliyelala.

"Vidole viwili vya huku havisikii tena. Kidole gumba bado kinasikia. Nikitoka kesho vitaamka?"

"Sijui, dada," alisema Keziah.

"Ahsante. Wengine wote huniambia ndiyo."

Walipotoka, mwangalizi aliwashika langoni. Alikuwa hana maneno ya utani tena. "Mimi sikusema kitu," alisema, "lakini msije kesho na matumaini makubwa. Wakaguzi hawamsikilizi ndugu wa mgonjwa, wanasema anampenda. Hawamsikilizi mpelelezi, wanasema kaajiriwa. Wanamsikiliza daktari. Na raia, mtu baki asiye na lake, akija na ushahidi mkononi. Sijawahi kuona hata mmoja."

Keziah alisimama nje ya lango na kikapu chake cha magazeti ya kuazima. Kila kitu alichokuja kukitafuta alikuwa nacho, na hakuna mtu wa kukipokea kutoka mkononi mwake.

Basi nani amebaki? Dada anapenda, Keziah kaajiriwa, daktari anafunga mlango polepole. Umebaki wewe. Wewe usiye na lako, uliyecheka bure. Ushahidi wake haukufagiliwa wote Clerkenwell. Nusu yake iko nyumbani kwako, juu ya kabati, chini ya ngazi, umefungia vyombo vya sikukuu. Inuka. Usimalize chai. Literemshe Kiroboto lolote la zamani, kunja maneno ya chini, utafute mkono wa kuume. Ukishaukosa, mwite mkeo aje aone, kama ulivyomwita siku zile. Kisha vaeni makoti. Wakaguzi wanaketi Fernley kesho asubuhi, na kidole gumba bado kinasikia.